Unakwenda Niue na huli nguruwe? Soma hapa kabla hujapanda ndege

Mkuu uliyeuliza juzi, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu za usiku. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa anapelekwa na mradi wao Niue, Pasifiki huko, wiki mbili. Ni Muislamu, hali nguruwe, na anataka kujua chakula cha kienyeji ni kipi na kama kuna migahawa ya maana. Wachangiaji wamemwambia abebe sembe na dagaa. Wawili wameichanganya Niue na Nauru. Mimi nipo Auckland mwaka wa kumi na mbili, nimekwenda Niue mara mbili, 2016 na 2019, na nimezaliwa Tanga, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekulia kwenye nazi.

Nazi ndiyo neno la kwanza. Jina Niue lenyewe wenyeji hulifasiri "tazama, nazi". Ni kisiwa kimoja tu, jabali la matumbawe lililoinuka kutoka baharini, kilomita za mraba kama 260. Unguja inaimeza mara sita na chenji inabaki. Mto hakuna hata mmoja, mvua ikinyesha inazama kwenye mwamba. Wanajitawala tangu 1974 kwa uhusiano wa karibu na New Zealand, pasipoti yao ya New Zealand, dola ya New Zealand. Ndiyo maana wengi wamehama: kisiwani wamebaki watu wasiofika 2,000, huku New Zealand Waniue wamepita 30,000. Ndege inatoka Auckland, saa tatu na nusu hivi, na unavuka mstari wa tarehe, kwa hiyo unaondoka Jumamosi unafika Ijumaa. Usicheke, ukikosea siku unakosa chakula. Mimi ilinikuta.

Safari ya kwanza nilikwenda kama mtalii, nimepanga chumba Alofi, ndio mji mkuu, barabara moja juu ya jabali la pwani. Jumamosi jioni nikatoka kwenda kula. Mgahawa umewaka taa, watu wanakula, harufu ya samaki wa kukaanga barabarani. Dada akaniuliza umeweka nafasi? Nikamwambia hapana, niko peke yangu, kiti kimoja tu. Akanionea huruma kabisa, lakini akasema samaki walionunuliwa asubuhi wamehesabiwa kwa sahani, na sahani zimekwisha. Nikaona ananidharau. Baadaye ndipo nilipoelewa: kisiwa cha watu mia kumi na kitu, meli ya mizigo inafika kama mara moja kwa mwezi, na gati la kuiegesha meli kubwa hakuna, inasimama nje, mizigo inashushwa kwa mashua na winchi. Hakuna mpishi pale atakayepika sahani kumi za akiba akingoja mteja wa bahati. Unapiga simu asubuhi, au jana yake, na anapika kwa idadi.

Kesho yake Jumapili. Maduka yamefungwa. Watu wamekwenda kanisani, akina mama na kofia zao za ukili zilizosukwa vizuri ajabu. Jumapili hata kuvua samaki hawaendi, na wewe mgeni usijitie kuogelea mbele ya kijiji wakati wa ibada. Ilipofika saa sita mchana nikatembea barabara ile juu hadi chini, na kila ua niliopita moshi unapaa na harufu ya tui linaloungua kwenye majani. Ni kama mji mzima unanukia pilau ya sikukuu, ndugu yangu, na mimi mkononi nina biskuti za kwenye ndege. Sehemu pekee iliyokuwa wazi siku ile ilikuwa Avatele, ufukweni kusini, na mimi gari sina. Daladala hakuna. Kwa hiyo kodi gari siku ya kwanza, hilo si anasa.

Niliporudi Auckland nikamsimulia mwenzangu wa kazini, Mniue, tunahudumia wazee pamoja. Alicheka mpaka akaketi. Akaniambia: wewe umekwenda kutafuta chakula chetu kwenye mgahawa?

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Migahawa ya Niue ina kazi yake, na kazi hiyo siyo chakula cha kienyeji. Nenda ukale samaki: jodari, na samaki mrefu wa jamii ya nguru, wametoka baharini asubuhi ileile, wengine kwa vaka, yaani ngalawa yenye mrengu mmoja. Kuna waliokuwa wanakata sushi ya jodari huyo pale Alofi ambayo sijapata kuila nzuri vile Auckland. Kulikuwa na mgahawa wa Kihindi pia, ukizidiwa na kumbukumbu za nyumbani. Na pale Avatele pana Washaway, kibanda cha ufukweni ambako kwenye baa mteja anajimiminia kinywaji mwenyewe na kuandika kwenye daftari, mwisho analipa. Nilikunywa soda yangu moja nikaandika soda moja, na mkono ukanitetemeka kama niko mahakamani. Bei zote ni za New Zealand na nauli ya meli juu yake. Sahani ya samaki na chipsi nililipa dola ishirini na kitu. Meli ikichelewa, menyu inapungua: leo vitunguu hakuna, kesho mayai hakuna. Na fedha taslimu beba, nilipokwenda mimi ATM haikuwapo.

Ila magimbi, papai na tui, vyote vinavyomea palepale, kwenye menyu utavikuta kidogo sana, pembeni ya sahani kama mapambo. Vinaliwa uani.

Mara ya pili, 2019, nilikwenda kwao na huyo mwenzangu, kuna sherehe ya mpwa wake. Mama yake nikimwita bibi. Siku moja kabla ya sherehe ananitoa jikoni, mgeni akae. Nikamwona amekalia kigoda chenye ulimi wa chuma, anakuna nazi. Mbuzi! Ile ile, ulimi wenye meno, kifuu kinazungushwa. Nikamwomba anipishe. Nilipokuna la kwanza bila kugusa weusi wa kifuu, akaita majirani waje kutazama. Tulichogombana ni maji. Mimi kwa mazoea natia maji ya vuguvugu, nakamua tui zito, natia tena nakamua jepesi. Yeye maji hapana, hata tone. Anazifunga chicha kwenye kitambaa anazinyonga kwa mikono miwili, linatoka tui kama krimu, kasimile tupu. Nazi kumi na tano kwa bakuli moja. Nikamuuliza chicha hizi? Akanionyesha kuku.

Tui hilo ni la takihi, na takihi ndiyo usiondoke Niue bila kuila. Gimbi linakatwa vipande vyembamba kama chipsi pana, papai lililoiva nusu vivyo hivyo, unapanga tabaka la gimbi, tabaka la papai, mpaka juu, unamwagia tui, chumvi kidogo, unafunga kwenye jani la mgomba, siku hizi na karatasi ya foili, unatia shimoni. Ikitoka papai limeyeyuka likawa mchuzi wa rangi ya machungwa, gimbi limelainika, tui limeganda kingoni. Haina pilipili, haina bizari, na haikosi kitu. Angalizo: gimbi lisiloiva linawasha koo, wewe unalijua hilo. Niliwahi kuuziwa takihi ya haraka haraka, iliyopikwa dakika chache, nikashinda nakohoa. Gimbi la Niue ni zuri sana, ndilo wanalolisafirisha hadi New Zealand. Na linalimwa kwa mtaimbo: udongo ni viganja vichache kati ya miamba, unapasua tundu, unatumbukiza mche.

Sasa shimo lenyewe, umu, na swali lako la nguruwe. Wanachoma kuni, mawe yanapata moto mpaka yanang'aa, wanayatandaza, halafu nyama juu ya mawe, magimbi, mashelisheli na vifurushi vya takihi pembeni na juu, majani, magunia, udongo, masaa mawili au matatu. Tatizo umeshaliona. Nguruwe na gimbi wako chumba kimoja, mafuta yanatiririka. Ukiambiwa "hii ni mboga tu", ni mboga tu kweli, lakini imelala na nguruwe. Usisubiri mpaka umewekewa sahani ndipo uanze kuchokonoa, utawavunjia heshima. Sema mapema, siku moja kabla. Mimi nilimwambia bibi jioni ile ya nazi. Hakuuliza dini wala nini; Wasabato wapo kisiwani, mtu asiyekula nguruwe si kituko kwao. Akanitengea takihi na samaki kwenye oveni ya jikoni. Nyama ya ng'ombe ya kopo wanaipenda mno, wanaichanganya hata na luku, machipukizi ya aina ya jimbi la porini yanayopikwa kwa tui. (Jimbi hilo ni mmea wa kivulini wa majani marefu, si magimbi, ndugu zangu wa Unguja msinirukie.) Nyama nyingi ya New Zealand huchinjwa kihalali kwa ajili ya masoko ya nje, ila kwenye friji la duka la Alofi usitegemee kukuta muhuri. Luku iombe na tui tupu, ni tamu kuliko kisamvu, nimeshasema.

Asubuhi wanakunywa nane pia, uji wa wanga na nazi, unateleza. Aliyewahi kunywa uji wa uwanga Pemba hatashtuka. Mwenzangu mwingine tuliyekuwa naye, mtu wa bara, aliuacha baada ya kijiko kimoja.

Halafu uga. Huyu ndiye kaa anayekula nazi, yule yule wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambaye sisi tunapelekwa usiku na tochi kumtazama na haturuhusiwi kumgusa. Niue wanamtega: wanachana nazi, wanaifunga msituni mchana, usiku wanarudi na taa wanamkuta anakula. Anakua polepole sana, miaka na miaka, na wakubwa hufika kilo nne, kwa hiyo kuna sheria ya ukubwa, na jike mwenye mayai haruhusiwi. Bibi alimvunja kwa jiwe, gando moja kama ngumi yangu, akanipa. Nyama nyeupe, tamu, ina harufu ya nazi kwa mbali, na mafuta ya tumboni mwake ndiyo mchuzi wa kuchovya gimbi. Uhalali wake muulize sheikh wako, kwetu Mashafii kaa wa nchi kavu ana maneno mengi. Mimi nilipewa mkononi na bibi wa watu mbele ya ukoo mzima. Nilikula mguu mmoja.

Popo pia wanao, wanamwita peka. Wapemba msicheke, mababu zetu wanajuana.

Kama huna mwenyeji, fanya hivi. Sokoni Alofi ni Jumanne na Ijumaa, alfajiri. Ukifika saa mbili asubuhi umekuta meza tupu. Hapo ndipo utapata takihi ya nyumbani, magimbi ya kuokwa, mapapai. Pili, uliza kijiji gani kina maonyesho Jumamosi hiyo. Kila kijiji kina siku yake kwa mwaka, na chakula kinauzwa kwenye sahani tangu jua halijapanda, na wenye uga wanawapanga mashindano ya mbio kabla ya kuwapika. Na zaidi ya yote, ukialikwa shughuli, nenda.

Ile ya mpwa ilikuwa ya kukata nywele. Mtoto wa kiume anaachwa nywele tangu azaliwe, anafika ujanani zimemfika kiunoni, kisha zinagawanywa mafungu na kufungwa utepe, na kila ndugu na rafiki anakata fungu moja na kutoa fedha. Wasichana wana yao ya kutoga masikio. Jamaa mmoja ameketi mezani na daftari: jina, kiasi. Nikatabasamu peke yangu, maana daftari hilo nimelishika mwenyewe kwenye kamati za harusi Tanga. Tofauti ni kwamba huku mchango unarudi palepale. Uwanjani walikuwa wametandaza chakula chini, marundo ya magimbi, nguruwe, samaki, kuku, na yakaanza kusomwa majina, kila aliyechangia na fungu lake kwa kadiri alivyotoa.

Nilikuwa nimetoa dola hamsini. Likasomwa jina langu, nusu wamelikosea, nikapewa kapu la makuti: magimbi sita, samaki wawili, na paja zima la nguruwe limekaa juu. Bibi akanitazama, mimi nikamtazama. Akalichukua paja bila neno, akavuka barabara nalo, akarudi na mashelisheli manne ya kuchoma na chupa ya asali.