Apakati huanzia gotini, si begani

Maswali ya wasomaji: ngumi na mapigano

*Shikamoo kocha. Nina miezi minane kwenye ngumi. Jabu na mkono wa kulia (ngumi za kunyoosha, ya mkono wa mbele na ya nyuma) vimekaa sawa, ila nikirusha apakati ya kulia, ngumi ile ya kutoka chini kwenda juu, kwenye sparing (mazoezi ya kupigana) mwenzangu anaiona kabla haijatoka, ananiwahi na ngumi ya pembeni ya kushoto. Nakosea wapi?*
Msomaji, Tanga

Marahaba. Anaiona kwa sababu unamtangazia. Bila shaka mkono wako unashuka mpaka kiunoni kwenda kuchota nguvu, ndipo unapanda. Katika kushuka huko shavu la kulia linabaki tupu, na ngumi yake ya kushoto ina safari fupi kuliko yako. Ukiongeza kasi ya mkono hutapona. Dawa ni kubadilisha kinachoshuka.

Kinachotakiwa kushuka ni mwili. Simama kwenye gadi yako ya kawaida, mguu wa kushoto mbele. Kunja magoti yote mawili ushuke kama sentimita tano hadi kumi tu, bega la kulia lishuke na mwili, lakini ngumi ibaki jirani na kidevu. Hapo mwenzako bado hajui unaleta nini. Kushuka kule kunafanana na kukwepa. Kisha sukuma sakafu kwa mbele ya unyayo wa kulia. Kisigino kinyanyuke na kugeukia nje, nyonga ya kulia ije mbele. Nyonga ikishaanza kwenda ndipo mkono unafunguka: kiwiko kinapita karibu na mbavu, kimekunjwa kama nyuzi 90, kiganja kinakutazama wewe. Ngumi inapanda na kwenda mbele kidogo, inaishia usawa wa pua yako, kisha inarudi kwenye shavu kwa njia ileile iliyopitia. Wengi huipeleka mpaka juu ya paji la uso wao. Hapo haina kazi tena, na mbavu za kulia zote umezifungua.

Muda wote huo mkono wa kushoto umegandana na shavu. Kidevu kiko chini. Anayeinua macho kufuata ngumi yake anainua na kidevu, na kwa umbali ule mfupi hatapata nafasi ya kujuta.

Kuna mazoezi mawili yanayosema ukweli bila kocha kuwepo. La kwanza ni la ukuta: vua glovu, utazame ukuta, vidole vya mguu wa mbele viwe shubiri moja kutoka ukutani, halafu rusha apakati polepole. Vifundo vya vidole vikikwaruza ukuta, ujue unaitupa ngumi mbele badala ya kuipandisha. La pili ni la taulo: bana taulo dogo kwapani. Likianguka ngumi ikiwa bado chini ya kifua, kiwiko kimetoka nje, na ngumi ya kiwiko cha nje ni ya mkono mtupu, haina mguu ndani yake. Fanya raundi tatu za dakika tatu, mbili za mwanzo taratibu kabisa, kwa wiki mbili kabla ya kuirudisha kwenye sparing.

Jambo la mwisho kwako: apakati ikitoka peke yake, ikiwa ngumi ya kwanza, mara nyingi hudakwa. Ifiche nyuma ya nyingine. Ukipiga jabu kisha mkono wa kulia, uzito wako umeshahamia mguu wa kushoto na goti limeshakunjika. Apakati ya kushoto iko tayari hapo, huhitaji kujiandaa tena. Vilevile ngumi ya pembeni ya kulia kwenye mbavu humfanya mtu ashushe kiwiko na kuinama upande ule, na apakati ya mkono huohuo inampitia katikati.

*Nikipiga apakati kwenye begi la mazoezi kifundo cha mkono kinauma, hasa cha kulia. Nimebadilisha glovu mara mbili. Ni udhaifu wa mifupa?*
Msomaji, Nakuru

Usilaumu mifupa wala glovu kwanza, tazama begi. Begi limening'inia wima, na apakati inapanda wima. Ngumi haikutani na uso wa kupigwa. Inaparuza begi kwenda juu, glovu inang'ang'ania, na kifundo kinapinda kwa nyuma. Ukirudia hivyo mara mia kwa siku, lazima kiume.

Kwenye begi la kawaida piga kwa mshazari, katikati ya kwenda mbele na kwenda juu, ulenge usawa wa tumbo na chembe cha moyo, si kidevu. Apakati ya kidevu ifanyie kwenye padi (mto wa kupigia anaoushika mwenzako mkononi), mshika padi akigeuza uso wa padi utazame chini na kuibana isiruke. Kama huna mwenza, funga kamba ya pili kitako cha begi, ulivute nyuma mpaka lilale kwa mshazari kukuelekea, uifunge kamba kwenye nguzo. Sasa upande wa chini wa begi umekuwa kama mtu aliyeinama, na ngumi inatua bapa. Gunia la nguo kuukuu linafaa pia. La mchanga halifai, mchanga hushindiliana chini na kuwa jiwe.

Bandeji iwe ya mita 4.5. Zile fupi zinaishia kwenye vidole na kifundo kinabaki na mzunguko mmoja. Zungusha kifundo mara tatu au nne kabla ya kwenda kwenye vidole, na umalizie hapohapo. Mgongo wa kiganja na mkono wa mbele viwe mstari mmoja, na kinachotua kiwe vifundo vya kidole cha shahada na cha kati.

Tahadhari moja tunaomba uichukulie kwa uzito. Maumivu yakiwa kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono, acha kupiga na uende hospitali. Kuna mfupa mdogo pale ambao ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza, na daktari huweza kutaka kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Ukiupuuza, huenda usiunge vizuri.

*Nina futi sita na inchi mbili. Gym nzima wananiambia apakati ni ngumi ya wafupi, nibaki na jabu. Ni kweli?*
Msomaji, Kampala

Hapana. Mwaka 1973, Kingston, Jamaika, bondia George Foreman alimwangusha bondia mwenzake Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, na apakati ya kulia ilikuwa silaha yake kubwa. Foreman ndiye aliyekuwa mrefu. Frazier alipigana akiyumba chini kwa chini, na kila aliposhuka alikutana na ngumi inayopanda. Tarehe 29 Aprili 2017, uwanja wa Wembley, London, apakati ya kulia ya Anthony Joshua katika raundi ya 11 ilimrusha kichwa Wladimir Klitschko, na pambano likaisha raundi hiyohiyo. Wote wawili wana karibu mita mbili.

Kosa la warefu ni kuirusha kutoka umbali wa jabu. Mkono unanyooka, kiwiko kinafunguka, unapiga hewa huku mwili umeelemea mbele. Wewe msubiri mfupi aingie. Rudi nusu hatua, kaa kwenye magoti bila kuinama, na apakati imkute kichwa kikiwa njiani. Kwa umbali wa kati usigeuze kiganja chote. Kidole gumba kikielekea juu, ngumi hupita kirahisi kati ya viwiko vyake. Ukiwa karibu sana, apakati ya kushoto chini ya mbavu zake za kulia inalifikia ini.

*Mimi ni wa Muay Thai, ngumi za Kithai zinazoruhusu magoti na viwiko. Naambiwa apakati itanipeleka kwenye goti la mtu.*
Msomaji, Mombasa

Wanaokuonya wana hoja. Bondia huweza kuinamisha kiwiliwili kabla ya apakati. Wewe ukifanya hivyo unampelekea uso kwenye goti. Shuka kwa magoti peke yake, mgongo wima, na usishuke zaidi ya sentimita tano. Nafasi yako nzuri ni mwenzako anaponyoosha mikono yote miwili kukushika shingo: mikono yake imeacha njia katikati, na ngumi fupi ya kiganja juu, ile ambayo wana karate huiita ura-tsuki, inapita humo. Ipige mara moja tu, kisha urudishe mkono kugombea nafasi ya ndani ya shingo (mikono yako iwe ndani ya mikono yake) kabla hajakuvuta.