Kenge wa Lumphini

SWALI: Shikamoo Bi Msafiri. Nina duka la nguo Eastleigh, na mwezi ujao naenda Bangkok mara yangu ya kwanza kuchukua mzigo soko la Pratunam. Nitabakiwa na siku moja kabla ya ndege. Binti yangu amenionyesha kwenye simu bustani moja iitwayo Lumphini. Picha ya kwanza nzuri, ya pili kenge mkubwa anavuka njia ya watu! Je, naweza kwenda peke yangu? Kiingilio ni pesa ngapi? Na huyo mnyama?
Mama Duka, Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kenge, maana naona ndiye anayekunyima usingizi.

Siku yangu ya kwanza pale nilikaa kwenye nyasi kando ya ziwa, nina kuku wa kuchoma na wali wa kunata. Mara nikasikia maji yanachapwa. Akatoka taratibu, mrefu kunishinda, ulimi unaingia na kutoka kama uzi unaotafuta tundu la sindano, miguu anaitupa pembeni kama mtu aliyeazima viatu. Kwa hofu nikamrushia paja. Kosa kubwa. Alilimeza na mfupa wake, kisha akaja kuuliza lililobaki. Mzee aliyekuwa akisoma gazeti benchi la pili hata hakushtuka. Alinipungia mkono tu, yaani inuka, ondoka polepole. Nikaondoka, wali nikauacha.

Wale chakula chao ni samaki na mizoga, hawana haja na wewe. Usiwalishe, wala usimbane mmoja kwenye kona upate picha, kwani mkia wake ni mjeledi na meno anayo. Sisi husema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Pale ni kenge watupu. Na Kithai nacho, kumwita mtu kenge ni tusi zito, hata wenye adabu humtaja mnyama mwenyewe kwa jina la kuzungukia: “fedha na dhahabu.” Mwaka 2016 jiji liliwahamisha baadhi yao. Waliobaki wanatosha.

Kiingilio hakuna. Msitu wa Karura huko kwetu Nairobi tunalipa, Lumphini yenye hekta 57 na ushei unaingia bure. Wewe mfanyabiashara utapenda asili yake: Mfalme Vajiravudh wa Thailand aliitoa ardhi hiyo kwa maonyesho makubwa ya biashara, akafariki Novemba 1925 kabla hayajafunguliwa. Maonyesho yakafutwa, bustani ikabaki. Sanamu yake imesimama kwenye lango la Sala Daeng.

Kufika ni rahisi. Kutoka Pratunam tembea hadi stesheni ya Chit Lom, panda treni ya juu kituo kimoja hadi Siam, badilisha, kisha vituo viwili tu hadi Sala Daeng. Teksi jioni usijaribu. Foleni ya pale itakufanya uikumbuke Jogoo Road kwa upendo.

Peke yako nenda bila wasiwasi, ila chagua saa. Saa saba mchana jua la Bangkok linakukaanga. Alfajiri utakuta wazee wakijinyoosha polepole chini ya miti, na jioni kina mama wa rika letu wanaruka mazoezi kwa muziki. Jiunge nyuma, hakuna atakayekucheka. Mimi nilijiunga na kanga kiunoni.

Jambo moja usilisahau: saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti na bustani nzima husimama, hata anayekimbia. Mimi nilikuwa naendelea na safari yangu, mifuko miwili mkononi, mpaka bibi mmoja akanishika kiwiko. Tukasimama naye hivyo hivyo hadi wimbo ukaisha, kisha akaniachia, akaendelea kukimbia.