Ukiwa mjamzito omba kipimo cha homa ya ini, usisubiri uambiwe

Mimba ya kwanza kliniki nilipimwa ukimwi, kaswende, wingi wa damu, mkojo, nikaambiwa mama uko poa, basi nikajua nimemaliza vyote. Kumbe homa ya ini B haikuwemo. Mimba ya pili ndo dokta mmoja akaniandikia HBsAg, kipimo cha damu cha homa ya ini B, nikalipia mwenyewe, majibu pozitivu. Na siumwi popote, macho meupe, ugali nakula kama kawa. Siku hiyo nililia kwenye daladala mpaka konda akanisamehe nauli.

Mtoto mara nyingi anaupata wakati wa kuzaliwa, na akiupata mchanga hivyo, 9 kati ya 10 wanabaki nao, tofauti na mtu mzima ambaye mara nyingi mwili unaufukuza wenyewe. Nikapimwa wingi wa virusi, vikazidi 200,000, nikaanzishiwa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, wiki ya 28 ya mimba. Dawa hiyo imo pia kwenye ARV, so jirani alivyoona kopo mtaa mzima ukajua "nimeathirika". Nikamwacha aongee.

Sasa shikeni hapa: mtoto anatakiwa achomwe chanjo ndani ya saa 24. Ile ya wiki ya 6, 10 na 14 ni ya kuendelezea, kama mama anao ukianzia hapo umechelewa. Niliulizia miezi miwili kabla, pale nilipopanga kujifungulia wakasema hawana, tukaipata kwingine, mume akaifuata alfajiri na kiboksi cha barafu, kichupa kakizungushia kipande cha kanga kisigusane na barafu maana ikiganda imeharibika. Nesi wa zamu anasema subirini wiki sita, mume akamfungulia kadi, dokta alikuwa kaandika kwa peni nyekundu. Mtoto kachomwa paja ana saa 7. Kuna na immunoglobulini, sindano ya kinga iliyo tayari, ile bei ilitushinda.

Kunyonyesha nilinyonyesha, ruksa. Mama mkwe alinitengea kikombe na sahani, ikabidi dokta mwenyewe amwambie mama, huu hauambukizwi kwa kula pamoja, wembe na mswaki ndo msichangie. Mume alipimwa hana, akachoma chanjo zake tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, halafu ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza.

Mdogo tulimpima alivyofika miezi 9, hana. Mkubwa, yule wa "mama uko poa", anao. Ana miaka 5, yuko chekechea, na kila miezi 6 tunampeleka kupima ini.