Kabla hujaongeza RAM, angalia kwanza Windows yako ni ya biti ngapi

Mi ni fundi kompyuta, na malalamiko ninayoyasikia sana ni haya: nimeweka RAM (memori ya kompyuta) ya GB 8, nikiwasha naona 3 na ushee, nimepigwa! Ndugu yangu, mara nyingi hujapigwa. RAM ni nzima na yote imo, ila Windows iliyowekwa mle ndani ni ya biti 32, na hiyo hata uijazie GB 16 haitasogea hapo ilipo.

Sababu yake ni kwamba kila baiti ya RAM (kijisehemu cha kuhifadhia data) lazima iwe na namba yake ya anwani ndo prosesa, ubongo wa kompyuta, iifikie, ni kama masanduku ya posta tu, huna S.L.P. barua haikufikii. Biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, zinatoa namba 4,294,967,296, ambazo ni GB 4, zikiisha zimeisha. Sasa kinachowashangaza watu ni kwamba hata hizo GB 4 hazipewi RAM peke yake, kadi ya picha inataka namba zake, kadi ya mtandao nayo, BIOS (programu ya kuwashia mashine) nayo, wote wanakula fungu hilohilo na RAM inapewa kinachobaki. Ndo maana huyu anaona 3.5, yule 3.25, na mwenye kadi kubwa ya picha anaweza akashuka hata chini ya 3.

Kuna dada mhasibu aliniletea laptopu ya mtumba yenye Windows 10, mafaili yake ya Excel ni makubwa kwelikweli na alishaongeza RAM lakini mashine inakwama vilevile. Nikafungua Settings, System, About. Kwenye RAM imeandikwa 8.00 GB, halafu kwenye mabano 3.24 ndo zinazotumika, na mstari wa System type unasema mfumo ni 32-bit ila prosesa ni x64, yaani ya biti 64. Huo mstari uangalieni sana jamani, kwa sababu unakwambia mashine yenyewe inaiweza 64, aliyepiga Windows ndo kaweka ya 32. Kuangalia ni bure, na RAM siku hizi bei yake mnaijua.

Kuhama sasa. Huwezi kupandisha juu kwa juu kutoka 32 kwenda 64, lazima ufute na kupiga upya, kwa hiyo bakapu kwanza, na bakapu iwe kwenye diski ya nje, usiniambie umehamishia D wakati D na C ni diski moja. Leseni ya Windows 10 iliyokuwemo inakubali kama toleo ni lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Kabla hujafuta hakikisha printa na skana zako za zamani zina draiva (programu za kuziunganisha na Windows) za biti 64, na kama ofisi bado inatumia programu ya enzi za DOS (mfumo wa zamani wa kabla ya Windows) ujue kwenye 64 haitafunguka. Na kama mashine ina GB 2 tu na huna mpango wa kuongeza, mi nakushauri baki na 32, maana 64 yenyewe inakula RAM zaidi. Ila Windows 11 haina kabisa ya biti 32, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia Oktoba 2025, kwa hiyo hilo nalo liweke kwenye hesabu.

Watu wa Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta, watasema mbona kwao biti 32 ilikuwa inasoma mpaka GB 64. Ni kweli, kuna mbinu inaitwa PAE inayotumia biti 36 za anwani, lakini Microsoft kwenye Windows za kawaida waliifunga pale GB 4 kwa sababu draiva nyingi zilikuwa zinaangusha mashine. Tena hata kwa PAE, programu moja moja inabaki na ukomo wake wa biti 32.

Ukishapiga 64 na bado kuna upungufu mdogo, hiyo ni kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa imejichukulia kiasi, kawaida hiyo. Upungufu ukiwa mkubwa fungua msconfig (iandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows), Boot, Advanced options, kama Maximum memory ina tiki itoe. Mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za zamani zenye chipu ya Intel 945 hizo usihangaike nazo, ukomo uko kwenye chuma chenyewe.

Yule dada tulipomaliza Windows ikasoma karibu 8 zote, ila Excel ikaendelea kulalamika memori haitoshi, kucheki kumbe Office iliyorudishwa nayo ni ya biti 32, na programu ya 32 hata ndani ya Windows ya 64 haivuki GB 4 zake. Tukaitoa tukaweka Office ya 64, faili likafunguka.