Programu haijazimia, kwa nini uizindue?

Msomaji anayetafsiri mwongozo wa programu za kompyuta ameniletea sentensi moja na maswali mawili. Sentensi yenyewe ni hii: "Programu ya kwanza inazindua programu ya pili na inaongea nayo kupitia kiolesura." Anauliza kama aandike "inazindua" au "inaizindua", na kama ni halali kusema programu "zinaongea" ilhali hazina vinywa, au afadhali "zinawasiliana".

La kiambishi tulimalize haraka: programu ya pili ikiwa imeshatajwa, weka -i-. Andika "inaifungua". Ndiyo, nimeandika "inaifungua", kwa sababu kitenzi alichokipitisha bila hata kukiuliza ndicho kinachonikera tangu miongozo ya kompyuta ianze kutafsiriwa.

Mtu akianguka akapoteza fahamu tunasema amezimia. Akipepewa akafumbua macho, amezinduka, na aliyempepea amemzindua. Hapo ndipo neno lilipo nyumbani: mwili umelala, fahamu zinarudi. Baadaye likapanuka. Kitabu kinazinduliwa, kampeni inazinduliwa, maana yake jambo linatolewa rasmi hadharani kwa mara ya kwanza. Maana hiyo siipingi hata kidogo. Toleo jipya la programu likitoka, limezinduliwa, na mwandishi wa habari aandike hivyo bila wasiwasi. Lakini anayebofya kiungo ndani ya barua pepe, kivinjari kikatokea, hajazindua chochote. Kivinjari kilishazinduliwa zamani na waliokitengeneza. Yeye amekifungua, na kabla ya jua kuchwa atakuwa amekifungua mara ishirini. Jambo linalofanyika mara ishirini kwa siku haliwezi kuwa uzinduzi kila mara.

Najua kosa lilikotoka. Kiingereza kina neno moja, "launch", linalorusha roketi, linalotoa kitabu na linaloanzisha programu. Mtafsiri akakuta kamusi imempa "zindua" kwa ajili ya kitabu, akalibeba lote zima akalibandika kwenye programu. Angeweza vilevile kuandika "kurusha programu", na angalau hapo wasomaji wangeshtuka wakamsahihisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waliotengeneza mitambo hii hawakutulazimisha. Katika Windows, programu moja inapotaka nyingine ifunguke, huita kitendakazi (kipande cha programu kilichoandaliwa tayari kufanya kazi fulani) kiitwacho ShellExecute na kukikabidhi neno la kazi inayotakiwa. Nyaraka za Microsoft zinaliita neno hilo kitenzi. Naam, kitenzi, kama tunavyosema sisi wa sarufi. Na vitenzi vyenyewe ni vya kawaida kabisa: fungua, hariri, chapisha, tafuta. Apple nao, walipotoa System 7 mwaka 1991, waliweka ujumbe wa aina nne ambao kila programu ilitakiwa kuuelewa: fungua programu, fungua hati, chapisha hati, acha kazi. Kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, kuna amri ya xdg-open: unaipa faili, nayo inalifungua kwa programu uliyoichagua. Kote huko kazi ni kufungua, halafu sisi tunafika na maji ya kumwagia aliyezimia.

Tazama tulichokitupa. "Fungua" ni kauli ya kutendua ya "funga", kama "zibua" ilivyo kwa "ziba" na "anua" kwa "anika". Kitenzi kimekuja na mwenzake mkononi: programu inafunguliwa, programu inafungwa, na hata mtoto anaelewa kwamba la pili linalirudisha la kwanza mahali pake. Ukisema umeizindua, utakifungaje kitu ambacho hukukifungua? Halafu vinyambulishe. Kiungo "kinakufungulia" ukurasa: herufi chache tu, na tayari tumejua nani anafanyiwa kazi. Programu mbili zinazoanzishana kwa zamu "zinafunguana". Programu inayouagiza mfumo wa kompyuta ufanye kazi hiyo "inafungulisha". Mwongozo mzima wa mawasiliano kati ya programu unaweza kuandikwa kwa mzizi huu mmoja na viambishi vyake.

Nitakubali sehemu moja tu. Katika dirisha la amri la Linux, bonyeza Ctrl pamoja na Z wakati programu inafanya kazi. Itasimama pale pale. Haijafungwa, kumbukumbu yake ipo, faili zake bado ziko wazi, ila haipumui. Andika fg, nayo inaendelea kutoka ilipoishia. Hiyo imezimia na imezinduka! Anayetaka kutumia "zindua" hapo ana ruhusa yangu yote, tena nitampongeza.

Sasa kuongea na kuwasiliana. "Wasiliana" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufika na kuunganika, nasi tukauongezea -ana: kufikiana. Mzizi huohuo unatupa mlolongo ambao lugha nyingi zingeutamani: programu inawasilisha ujumbe, ujumbe unawasili, programu zinawasiliana. Kwa mwongozo, hili ndilo neno.

"Zinaongea" silifukuzi, ingawa ningependelea "zinazungumza". Mwaka 1987 Windows 2.0 ilikuja na utaratibu wa programu kupeana data uitwao DDE, na muungano wa programu mbili ukaitwa rasmi mazungumzo. Ukiutazama kwa karibu, jina hilo linastahili. Programu inayohitaji data, tuseme ya kuandikia hati inayotaka tarakimu kutoka kwenye programu ya majedwali, hutuma ujumbe wa kwanza kwa madirisha makuu yote yaliyo wazi, ukitaja programu inayotafutwa na mada. Hiyo ni hodi. Yenye jibu huitikia, na kuanzia hapo huzungumza wao wawili hadi mmoja aage. Lugha yenye "hodi" na "karibu" haina sababu ya kuona haya kusema programu zinazungumza. Katika lugha ya AppleScript, agizo kwa programu nyingine huanza kwa neno lenye maana ya "ambia". Mtu akiandika kwamba hati moja imeiambia programu nyingine ichapishe, nitasoma nikaendelea.

"Kiolesura" nalo linahitaji uangalizi. Ndani yake nasikia "sura", kwa hiyo linanikaa vizuri likitajwa kwa vitufe na madirisha ambayo mtumiaji anayaona. Programu mbili zinapopelekeana ujumbe kwa D-Bus, njia ya programu za Linux kutumiana ujumbe, hakuna anayeona sura ya mwenzake. Kuna majina, amri na majibu. Lakini neno limeshaenea, na sina nguvu ya kupigana vita viwili kwa wakati mmoja. Likae, mradi liandikwe "kiolesura cha programu" ili msomaji asitafute kitufe cha kubofya. Wanaosema API, kifupi cha jina lake la Kiingereza, nao siwasumbui.

D-Bus hiyohiyo itakusaidia kupata kitenzi cha mwisho unachokihitaji. Ujumbe ukitumwa kwa huduma ambayo bado haijaanza kazi, D-Bus yenyewe inaweza kuianzisha kisha ikaikabidhi ujumbe. Hakuna dirisha lililofunguka wala mtu aliyebofya, basi hapo "fungua" linapwaya. Sema "anzisha". Kinachoonekana kwenye skrini kinafunguliwa. Kinachofanya kazi kimyakimya nyuma yake kinaanzishwa.

Sentensi yako, ndugu msomaji, ningeiandika hivi: "Programu ya kwanza huifungua ya pili, kisha huwasiliana nayo kupitia kiolesura cha programu." Na ukifika pale ya pili inapomaliza kazi, andika "huifunga". "Huizima" iachie kompyuta nzima.