Shangazi anajibu: "Je, ugomvi wa ndoa yangu umemharibia mwanangu ubongo?"

"Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka minne. Miaka yake miwili ya mwanzo tuliishi na baba yake katika ugomvi usiokwisha: makelele, milango kubamizwa, na mara nyingine kipigo. Niliondoka naye, na sasa nyumbani kumetulia, lakini mtoto hajatulia. Juzi mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni. Akaziba masikio, akaingia chini ya meza na kubaki amenikodolea macho. Usiku anaweweseka, na mwalimu wake wa chekechea anamwita mkorofi kwa sababu anawapiga wenzake. Mama yangu anasema alikuwa mdogo mno, hakumbuki kitu. Mimi nimesoma kwamba ubongo wa mtoto hukamilika akifika miaka mitatu. Ina maana nimechelewa? Na baya zaidi, mimi mwenyewe humfokea, kisha hujifungia bafuni nikalia. – Mama Mwenye Hatia"

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jina ulilojitia mwishoni sitalitumia, kwa sababu aliyembeba mtoto na kumtoa katika nyumba ile ni wewe. Tuanze na mama yako, kwani amesema kweli, ila ni nusu yake. Mwanao hatakaa akusimulie usiku fulani wa ugomvi. Matukio ya miaka miwili ya mwanzo karibu sote tumeyasahau, kwa kuwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za matukio, huwa bado changa. Lakini kujifunza hatari hakuhitaji kumbukumbu ya namna hiyo. Iko sehemu nyingine ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza kuna nini, nayo huanza kazi mapema sana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha vipimo vya ubongo vya watoto wa miezi 6 hadi 12 waliosikilizishwa, wakiwa usingizini, sauti ya mtu akitamka maneno yasiyo na maana, mara kwa furaha, mara kwa hasira. Watoto waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi baina ya wazazi ndio ambao ubongo wao uliitikia kwa nguvu zaidi sauti ya hasira, katika maeneo yanayohusika na msongo. Walikuwa wamelala, na maneno yenyewe hayakuwa maneno.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba kila msongo ni sumu. Mtoto anayechomwa sindano ya chanjo hushtuka, moyo humwenda mbio, adrenalini na kotisoli hupanda mwilini, kisha mtu humkumbatia na homoni hizo hushuka. Mzunguko huo ukijirudia humfundisha kwamba hofu ina mwisho. Kinachodhuru ni hofu inayopanda na kukaa hukohuko juu, siku baada ya siku, bila mtu mzima wa kuishusha. Ubongo wa mtoto hutengeneza viunganishi vya seli zake vingi kuliko utakavyohitaji, kisha huimarisha vile vinavyotumika mara kwa mara na kuviacha vingine vinyauke, kama njia ya miguu inavyomezwa na majani watu wakiacha kuipita. Mwanao, basi, alijifunza vizuri mno somo alilopewa. Katika nyumba ile, aliyesikia mlango kwanza ndiye aliyejificha kwanza, na ustadi huo ndio alioingia nao jikoni kwako, ambako hauna kazi tena isipokuwa kumchosha.

Habari ya miaka mitatu imewatesa wazazi wengi, na ina chanzo chake. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima, na akifika miaka mitano au sita ubongo huo umekwisha kufikia kama asilimia 90 ya ukubwa wake. Watu wakaona ukubwa umetimia, wakadhani na kazi imekwisha. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayotusaidia kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na ndiyo hasa inayoituliza amigdala inapopiga mbiu ya bure. Mwanao bado ana miaka mingi ya kuijenga sehemu hiyo.

Sitakudanganya kwamba umri hauna maana. Kuanzia mwaka 2000, watafiti walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya mji wa Bucharest, Romania. Nusu yao walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walipata nafuu kubwa zaidi katika mambo kadhaa, ikiwemo kumshikamania mlezi, na hata waliochelewa hawakukosa faida kabisa. Nakuomba uzingatie pia kilichowapata watoto wale: hawakuwa na mtu wao. Walezi walipokezana zamu, na mtoto aliyelia aliweza kulia hadi akachoka. Wako alikuwa na wewe hata katika siku zile mbaya, na ulipoondoka alikuwa na miaka miwili.

Sasa turudi chini ya meza, maana hapo ndipo barua yako iliponigusa. Hukusema kwamba aliukodolea macho mfuniko. Umesema alikukodolea wewe. Mtoto aliyeshtuka hutazama uso wa mtu wake ili ajue kilichotokea kina maana gani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache akae akimtazama kwa uso usioonyesha chochote. Watoto walitabasamu, wakapiga kelele, wakanyoosha mikono, wakajaribu kila walichojua ili kumrudisha mama. Waliposhindwa waligeuza nyuso zao au wakalia. Kisha mama akarudi, wakapatana. Jambo ambalo husahaulika katika kazi za Tronick ni kwamba hata mama na mtoto wanaopendana vizuri hupishana kwa sehemu kubwa ya muda wanapokuwa pamoja. Mama hutazama huku, mtoto anataka kule. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana baada ya kupishana.

Kwa hiyo mfuniko ukianguka tena, usicheke wala usimwambie kwamba si kitu, kwa kuwa mwilini mwake ni kitu. Chuchumaa uwe kimo chake, pumua polepole hata kama wewe mwenyewe umeshtuka, umwambie, "Ni mfuniko. Umeanguka. Mimi niko hapa." Akitoka, mpe mfuniko aushike, na akitaka kuuangusha mwenyewe mara tano, mwache auangushe, kwa maana kelele uliyoifanya mwenyewe haitishi kama ile iliyokujia ghafla. Vivyo hivyo usiku: kuoga, hadithi, taa kuzimwa, yote kwa mpangilio uleule kila siku, hata ukikuchosha. Mtoto aliyezoea mambo ya ghafla hupumzika anapojua kinachofuata.

Na kule kufoka kwako je? Ukitoka bafuni, nenda kwake. Mwambie, "Nimekufokea. Haikuwa sawa. Nilikuwa nimechoka, na kosa si lako." Usiongeze "lakini na wewe", kwani hapo msamaha hugeuka kesi. Huko nako ni kurudiana, na mtoto aliyekulia mahali ambapo hasira haikuwahi kuombewa radhi anahitaji kuona kurudiana huko mara nyingi. Lakini kama kufoka ni kwa kila siku, tatizo halitatuliwi kwa radhi peke yake. Wewe pia uliishi nyumba ile. Mwili wako nao bado unasubiri mlango ubamizwe. Nenda ukamwone mshauri nasaha au mwanasaikolojia kwa ajili yako mwenyewe. Na kwa kuwa miaka miwili imepita na mtoto bado anaweweseka na kuwapiga wenzake, naona msisubiri zaidi: mweleze daktari wa watoto yote uliyonieleza mimi, umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto wadogo. Yapo matibabu yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka sita walioshuhudia ukatili, ambamo mama na mtoto hukaa pamoja na mtaalamu na kuyapitia hayo kwa njia ya michezo.

Jambo dogo pembeni: mitandaoni utakutana na maswali kumi ya kuhesabu madhila ya utotoni, yanayotokana na utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998. Usimjazie mwanao alama. Robert Anda, mmoja wa waliouongoza utafiti huo, ameonya baadaye kwamba alama hizo hazifai kutumiwa kumtabiria mtu mmoja mmoja mustakabali wake.

Limebaki la mwalimu. Omba muonane mtoto akiwa hayupo. Habari za ndoa yako si lazima azijue. Mweleze tu kwamba mtoto huyu hushtushwa na sauti za ghafla na watu wanaomjia kwa nyuma, na kwamba akipiga mwenzake, akae kando pamoja na mtu mzima aliyetulia badala ya kukaripiwa mbele ya darasa. Kisha muulize ni saa ngapi hasa anapiga. Akikujibu kwamba ni pale kengele inapolia na watoto wanaposukumana mlangoni, mwombe amshike mkono dakika moja kabla haijalia, wasimame pamoja pembeni, watoke wa mwisho.