Niwaache wenzangu au niache masomo?

"Somo, shikamoo. Nina miaka 19, nimetoka Lunga Lunga kuja kusomea uhasibu hapa Mombasa. Nimepanga chumba Tudor na wasichana wawili tuliojuana siku ya usajili. Jioni hatukai ndani: leo bustani ya Mama Ngina, kesho ufuo wa Pirates, Ijumaa disko za Mtwapa hadi usiku mkuu. Nikisema nabaki, wananiita bibi harusi wa vitabu. Jaribio la kwanza la hesabu nimepata 9 kwa 30. Mama nimemwambia mambo ni mazuri. Niwaache? Sina wengine. – Mgeni wa Tudor."

Marahaba, mwanangu. Usiwaache. Mgeni aliyepata wa kupika naye na wa kumshika mkono akiugua amepata kitu. Ninaloliona ni kwamba wao jioni wanajua wanakwenda wapi, nawe hujui unabaki kufanya nini. Ndiyo maana kila siku wanakushinda.

Tutazame alama kwanza, maana hofu yako imepita deni lenyewe. Vyuo vyetu vingi huyapa majaribio alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na kupita ni 40. Tuseme majaribio ni mawili na huchukuliwa wastani: ukipata 21 katika la pili, una 15, na mtihani utakudai 25 tu. Ukibaki na hiyo 9, utakudai 31. Mwendee mwalimu ofisini umuulize yeye anavyohesabu, tena uende na maswali yaliyokushinda.

Kusoma usiku usijipangie. Chumba kimoja, wasichana watatu, joto la Machi na feni inayolalamika, hapo atasoma nani? Una mapengo mchana. Umetoka darasani saa nne, unarudi saa nane, na saa hizo naona zinaishia kwenye gumzo chini ya mti. Ingia maktaba, simu itie mkobani, ukokotoe kwa mkono, maana hesabu haisomwi kwa macho. Ongeza na saa moja baada ya alfajiri, kabla mji haujashika moto na wenzako bado wamelala. Hapo jioni nenda Mama Ngina ukale mihogo yako ya pilipili na ndimu, roho nyeupe.

Mtwapa ndiko nina neno. Nauli, kiingilio, chakula, kisha Jumamosi nzima umelala! Basi iwe mara moja kwa mwezi, na kamwe si wiki ya jaribio. Na nauli ya kurudi uwe nayo mwenyewe mkononi, usingoje ya mtu.

Wala mtu asikudanganye kwamba ni disko tu zinazokula wanafunzi. Harusi zetu je? Binamu anaolewa Msambweni, unatakiwa tangu siku ya hina mpaka biriani, na kivuko cha Likoni kiko katikati. Chagua siku moja, peleka mkono wako wa harusi, urudi. Watakaonuna watasahau kabla ya harusi ijayo.

Hilo jina la bibi harusi wa vitabu, cheka nao. Ila usiseme "nabaki" ukanyamaza. Sema, "Kesho nina hesabu saa mbili, Alhamisi tuko pamoja." Na Alhamisi uende kweli. Kisha mmoja wao mwalike maktaba. Nashuku yuko ambaye alama zake nazo hazisemeki, kicheko ndicho kinachomsitiri.

Mama mpigie wiki hii. Mtaje hiyo 9, umweleze na unachokifanya. Anayelipa karo asije kuyajua haya siku ya matokeo. Atafoka. Mwache afoke, usikate simu.